Kulizwa na paa wa thumuni

Swali:

"Assalamu alaykum, Bi Mwalimu. Mimi ni baba wa miaka 41, naishi Wete, kazi yangu ni ya afisi. Kila usiku baada ya Isha namsomea binti yangu wa darasa la tatu hadithi moja. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya Hamdani na paa wake. Tulipofika pale paa anaumwa na bwana wake anaagiza apikiwe uji wa mtama, sauti ilinikatika. Mwanangu akanitazama, akauliza, 'Baba, unalia?' Nikamwambia ni vumbi. Tangu siku hiyo akishalala nakaa peke yangu na vitabu vyake. Wenzangu barazani wananicheka, wanasema nimerudi utotoni. Kweli vitabu vya watoto vina la kumfundisha mtu mzima, au mimi nimeanza kuzeeka vibaya? Na kama lipo, nivisome vipi?"

Jibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Huzeeki vibaya. Hao wa barazani waache wacheke kwanza, tutarudi kwao.

Hukuniambia kilichokukata sauti, na mimi sikuulizi. Lakini kisa chenyewe nakijua. Nimekisomesha zaidi ya miaka 30, kwanza huko huko Pemba, baadaye Unguja, na hapo ulipokwama wewe nimewaona watu wazima wengi wakikwama. Watoto hawakwami hapo. Wao roho huwa juu pale paa anapokwenda kupambana na nyoka wa vichwa saba. Uji wa mtama kwao ni uji tu. Yuko mmoja aliniuliza kama ulitiwa sukari.

Wasomaji wengine huenda kisa wamekisahau, basi nikipitie mbio mbio. Hamdani ni masikini hohehahe, kutwa anachakura jaani kama kuku, na punje mbili tatu za mtama anazookota ndiyo chakula chake. Siku moja akaokota thumuni, sehemu ya nane ya riale, akaitoa yote kumnunua paa kwa mtu aliyekuwa akipita na tundu. Watu wakamcheka: tumbo lake mwenyewe halijui litakula nini, sasa na mnyama? Kumbe paa yule anasema kama binaadamu. Akaomba ruhusa ya kwenda kujilisha porini, huko akaokota almasi, akaipeleka kwa Sultani na kusema imetoka kwa bwana wake. Kwa ulimi wake akamposea bwana wake binti wa Sultani. Akamuua nyoka wa vichwa saba, jumba la nyoka likawa la Hamdani. Hamdani akaingia ndani, akakaa kitako. Kisha paa akaugua.

Sasa hapa nenda polepole. Paa yuko chini, bwana yuko juu. Bibi kizee wa nyumba anapanda ngazi kupeleka habari: paa hawezi, mwili wote unamuuma. Jibu linashuka: mpikie uji wa mtama. Mke wa Hamdani anashangaa, paa huyu ndiye wa kupikiwa uji wa mtama? Hamdani anamjibu kwamba mnyama mwenyewe kamnunua kwa thumuni. Bibi kizee anashuka na uji wake, anamwona paa machozi yanamtoka, anapanda tena. Anashuka tena. Bwana mwenyewe hateremki.

Mtoto anayesikiliza ana neno moja tu la kusema: Hamdani mbaya. Kasema kweli, na anataka ukurasa ufunuliwe. Sisi walimu tulikuwa na letu la mitihani: Hamdani alisahau fadhila. Alama mbili. Mimi mwenyewe nimezigawa alama hizo mamia kwa mamia kabla sijajiuliza, huyu kasahau nini hasa? Mtu aliyesahau hawezi kukutajia bei. Hamdani thumuni yake anaikumbuka vizuri sana, tena anaitaja mbele ya mkewe bila haya. Kilichomtoka ni yote yaliyokuja baada ya ile thumuni, kwa sababu hayo hakuyalipia.

Nitakupa yangu, maana si haki nikusemeshe wewe peke yako. Mimi nililelewa Mjini na mama yangu mdogo. Alikuwa akishona kofia za viua, zile za mkono, kofia moja inamkalia miezi, na macho yake yaliishia kwenye vitundu vile. Sare yangu ya skuli ilitoka kwenye kofia. Viatu, kofia. Nauli ya meli siku nilipopangiwa kusomesha Pemba, kofia. Alipougua ulikuwa msimu wa mitihani. Nikamkabidhi mtu anayevuka bahasha yenye pesa za maziwa na kikaratasi cha salamu. Mume wangu akaniuliza, "Huendi mwenyewe?" Nikamjibu, "Si nimeshampelekea?" Nilikwenda baadaye, kwenye maziko.

Miaka miwili mitatu ikapita. Nimesimama mbele ya darasa la nne, kitabu mkono huu, chaki mkono huu, nikalifikia neno "thumuni" nikashindwa kulivuka. Nikawaambia watoto wafunge vitabu watoke nje wakacheze. Walifurahi sana, hawakuuliza sababu. Nilikaa kwenye kile kiti mpaka kengele. Utotoni, nilipokuwa nikikisikia kisa hiki, nilikuwa paa. Kila mtoto ni paa: mdogo, ana akili kuliko wakubwa wanavyodhani, na hasikilizwi. Siku ile nilijikuta niko juu ghorofani, na anayepanda na kushuka ngazi ni mume wangu.

Hilo ndilo jibu la swali lako, yaliyobaki ni maelezo. Hadithi ni ile ile na maneno ni yale yale. Aliyehama nafasi ni wewe. Ulipokuwa na miaka minane ulikaa upande wa sungura, wa kima, wa paa. Ukirudi na miaka 41, una mshahara, una mtoto, una wazee wanaokutegemea, unakuta nafasi iliyo wazi ni ya simba. Kitabu cha watu wazima huwa na staha ya kukuficha hilo kwa kurasa mia tatu. Cha mtoto hakina nafasi hiyo, kina kurasa ishirini na picha juu.

Na hao wa barazani, wanaposema "vya watoto," ungewauliza nani kawaambia. Hivi visa havikuanza kuwa vya watoto. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, aliviandika kutoka vinywani mwa watu wazima wa hapa na kuvichapisha London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Hamdani yumo, kima na papa wamo, Goso yumo. Waliomsimulia walikuwa watu wenye ndevu zao. Kule kwenu Pemba mimi nimevisikia vikisimuliwa wakati wa kuchambua karafuu: watu wamezunguka mkeka, taa katikati, vidole vinatenga karafuu na makonyo, na mdomo umepata nafasi. Mtoto alikuwepo, ndiyo, lakini kisa hakikuwa chake peke yake. Alikuwepo na mzee mwenye deni, na mke aliyenuniana na wifi yake, na kila mmoja akiondoka na kipande chake. Ukisema "Paukwa!" wote hujibu "Pakawa!", hakuna anayesema mimi nimeshakua.

Wasimuliaji wale walikuwa na namna yao ya kumaliza pia, wewe utakuwa umeisikia: ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu mwenyewe. Hebu lipime neno hilo na vikao vya afisini kwako.

Hata hivyo usivisome kwa kuvitukuza tu. Visa alivyokusanya Steere vimeandikwa kabla soko la watumwa la Mkunazini halijafungwa mwaka 1873 (na Steere huyo huyo ndiye aliyesimamia kujengwa kwa kanisa kuu mahali soko lilipokuwa). Kwa hiyo watumwa wanapita ndani ya hadithi kama vile viti na mikeka: wanatumwa, wanarudi, hawana jina. Yule bibi kizee wa ngazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Vitabu vya siku hizi humfanya "mtumishi", wengine humtoa kabisa. Binti yako akikuuliza yule bibi ni nani na kwa nini hamwambii bwana wake ukweli usoni, usimkwepe. Mimi nilishawahi kumwambia mtoto "tuendelee na hadithi," na mpaka leo najua kwamba hadithi yenyewe ilikuwa pale.

Nije kwa kima na papa, maana kisa hicho ndicho kilichonifundisha zaidi kuliko cha Hamdani, tena kupitia kwa mtoto niliyemkosea.

Unakikumbuka: kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari, papa anakuja chini kila siku, kima anamtupia kuyu. Urafiki unanoga. Papa anamwalika kwao, kima anasema hajui kuogelea, papa anamwambia panda mgongoni. Nusu ya njia papa anamwambia ukweli: sultani wao hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamlaumu kwa kutomwambia mapema, maana kima wakisafiri mioyo yao huiacha mitini, na wake ameuacha. Papa anamrudisha. Kima anapanda mtini na hashuki tena. Papa anapomwita ndipo anaposimuliwa kisa cha punda wa dobi, yule asiye na moyo wala masikio.

Kwenye daftari swali la mwisho huwa ni lile lile: tunajifunza nini? Na jibu letu tulikuwa nalo tayari, kwamba akili ni mali. Mwaka mmoja, katika skuli ya kijiji cha pwani kaskazini ya Pemba, mtoto wa kiume, baba yake mvuvi, akaandika hivi: "Papa alikuwa anampenda kima." Nikamtia mkasi wa wino mwekundu. Akaja mezani na daftari lake, hakulia, hakubisha kwa kelele, akasema, "Mwalimu, kama hampendi si angenyamaza tu mpaka wafike?"

Nikamwambia akakae.

Mwanangu, swali lile nimelibeba miaka mingi kuliko alivyolibeba yeye. Kwa sababu ni kweli. Hakuna aliyemlazimisha papa kusema. Angenyamaza, kima angefika na moyo wake ukatolewa. Kisa chote kinageuka kwa sababu papa hakuweza kumchukua rafiki yake mpaka mwisho bila kumwambia. Mtoto yule alikisoma kitabu. Mimi nilikuwa nikisoma mwongozo wa kusahihishia.

Lakini umri nao una lake. Nilipokuja kukitazama tena kisa kile mtu mzima, niliona kitu ambacho mtoto wa mvuvi hakuwa na haja ya kukiona. Papa kasema kweli, naam, lakini kaisemea wapi? Hakuisema pale mtini, ambapo kima angeweza kukataa. Kaisema katikati ya bahari. Ukweli wa namna hiyo watu wazima tunaujua vizuri. Ndugu anawaita wenzake kuwaambia kuhusu shamba la urithi wakati mnunuzi ameshapiga uzio. Mume anamkalisha mkewe na kumwambia, kwa upole kabisa, jambo ambalo tayari limefungwa kwa kadhi. "Nimeona bora uisikie kwangu." Kasema kweli na ana mapenzi pia. Maji tu ndiyo yamezunguka pande zote. Tangu nilipoliona hilo najitazama nafungua mdomo nikiwa wapi, na mara nyingine nimejikamata niko nusu ya njia na mtu mgongoni.

Nusu ya kwanza ya funzo hilo ni ya mtoto, nusu ya pili ya mtu mzima, na wote wawili wasingeipata kwa lile swali la mwisho wa daftari. Ndiyo maana nakuomba, unapomsomea binti yako, usimalizie na "tunajifunza nini?" Skuli atalipata la kumtosha. Likishatoka swali hilo hadithi hufungwa kama duka, na mtoto hutoa jibu analojua unalitaka. Funga kitabu, kaa kimya kidogo. Kama ana neno atalitoa mwenyewe, pengine si usiku ule, pengine asubuhi anapofungwa mtandio.

Kitu kingine ni kurudia. Najua atakuomba hadithi moja usiku kumi mfululizo na wewe utatamani kukificha kitabu. Usikifiche. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwapima watoto wa miaka 3 na kuchapisha matokeo mwaka 2011: waliosomewa hadithi zile zile kwa kurudia walishika maneno mapya vizuri zaidi kuliko waliosomewa hadithi tofauti zenye maneno hayo hayo. Hilo kwa mtoto. Kwa mtu mzima sina utafiti, nina uzoefu tu. Mara ya kwanza unasoma kujua kitatokea nini. Mara ya nne unaanza kumwona mke wa Hamdani, ambaye alimtendea paa kiutu, wala hakuwepo zile siku za jaani. Hana deni la paa, na yeye ndiye anayemhurumia. Nilihitaji miaka kumwona mwanamke yule.

Na picha. Mjukuu wangu ana kitabu chenye picha ya soko: ndizi, muhogo, samaki, watu tele. Namsomea, nimemaliza mistari yangu mitatu, nafunua. Akakirudisha nyuma kwa kiganja. "Bibi, huyu hana viatu." Kidole chake kiko pembeni kabisa, kwa mtu wa mwisho nyuma ya magunia, mdogo kama punje ya mchele. Kitabu kile nilikuwa nimeshakisoma labda mara kumi. Sisi tunasoma maneno na picha tunaipita, kama tunavyompita mtu huyo huyo tukishuka kwenye gari Darajani.

Sasa nikutahadharishe, maana umesema unakaa navyo usiku peke yako. Si kila kilichochorwa sungura kina kitu. Vipo vitabu vya watoto ambavyo ni fimbo iliyotiwa rangi: mtoto hakusikia, akaliwa na zimwi, mwisho. Hivyo mtoto hapati kitu na baba hapati kitu. Kipimo changu ni kimoja, nitakipima kitabu kwa yule mbaya wake. Kama mbaya hana sababu yoyote isipokuwa ubaya, kirudishe maktaba. Papa alikuwa na sultani mgonjwa. Hamdani alikuwa na hofu, nadhani, ya kukumbushwa jaa. Mbaya mwenye sababu ndiye mwenye kazi na wewe.

Kwa hiyo soma mara mbili, kwa njia mbili. Ukiwa naye, kuwa paa pamoja naye, muogope nyoka pamoja naye, hapo si wakati wa kujihesabu. Mtoto anajua baba anapomsomea na anapojisomea mwenyewe huku yeye amegeuzwa kisingizio. Akishalala, kifungue tena, mtafute yule unayemchukia humo ndani, ukae naye ukurasa mmoja. Kama anakufanania mahali, utajua. Na ukishajua usirudi kitabuni kutafuta dawa. Kitabu kinaishia pale Hamdani anapozinduka na kujikuta jaani anachakura tena. Hakisemi nini cha kufanya mtu ambaye bado yuko ghorofani na anasikia miguu ya bibi kizee ngazini. Hapo ni viatu na nauli tu, mwanangu, na wewe ndiye unayejua gari la wapi.

La vumbi nalo. Mtoto wa darasa la tatu anajua vumbi likoje. Siku nyingine mwambie, "Nimemkumbuka mtu." Inatosha, wala hatakuuliza ni nani. Akikuuliza, basi amekuwa mkubwa kuliko unavyodhani.

Tubaki na hao wa baraza. Usijitetee kwao, watakushinda kwa kelele. Wape kisa, usiseme umekitoa wapi. Wape Goso. Goso ni mwalimu anayesomesha watoto chini ya mbuyu. Paa akapanda mbuyuni kuiba mabuyu, buyu moja likamwangukia mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakamzika, wakatoka kumtafuta aliyemuua. Wakaanza na upepo wa kusi, wakalikamata, wakalipiga. (Watoto wote huuliza upepo umekamatwa vipi. Watu wazima hawaulizi.) Kusi likajitetea: ningekuwa na nguvu hizo ningezuiwa na kiyambaza, ukuta wa udongo? Wakenda kwa kiyambaza. Nacho kikasema, ningekuwa na nguvu ningetobolewa na panya? Panya akamtaja paka, paka kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, na kuendelea. Kila mkubwa akishikwa ni mnyonge ghafla, yuko aliye juu yake. Ambaye amewahi kufuatilia karatasi ya kiwanja kutoka dirisha hili mpaka dirisha lile atacheka kwa uchungu. Mwisho wakamfikia paa. Paa akanyamaza. Wakamuua.

Hapo simama, unywe kahawa yako. Watoto huridhika, mwizi kapatikana. Wewe waulize wenzako jambo moja: wale wanafunzi walijuaje kwamba ndiye? Hawakumwona mtini. Wamemuua kwa sababu yeye peke yake hakuwa na wa kumtaja. Kwa bahati ndiye kweli. Siku nyingine je? Nakuhakikishia baraza halitamalizika saa tatu siku hiyo, na yule anayekucheka zaidi ndiye atakayetaka neno la mwisho.

Kwa binti yako, Goso msimuanze usiku wa kuamkia skuli. Mlolongo ule akishaukariri hatakuacha ulale mpaka mmeufikisha kwa paa mara tatu, na lile kusi lazima lipigwe kwa sauti.